Sifa za Mheshimiwa Vumbi

Hakuna mgeni mwaminifu kama vumbi. Kilangala, mkoani Lindi, huja na kila bodaboda inayopita njia ya udongo, huingia dirishani bila hodi na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Ile iliyonunuliwa dukani ikiwa nzima hulipokea kwa adabu, kidogo kidogo. Ile ya kuunga mwenyewe, yenye kasha la mtumba lisilo na ubavu mmoja, hulifungulia mlango wote.

Tena huku kusini vumbi lina hadhi ya kununuliwa. Mikorosho ikikaribia kuchanua, wakulima hubeba mashine mgongoni na kupuliza salfa ya unga alfajiri, ili ugonjwa wa ubwiriunga usile maua. Inayobaki hewani huenda na upepo, na upepo haujui mpaka wa shamba na sebule. Salfa ikikutana na unyevu wa pwani huanza kuila shaba taratibu. Vumbi la wapi lingine lina kazi mbili?

Lakini sifa yake kubwa ni ufumaji. Mpe miezi michache kati ya mapezi ya hitisinki, kile kipande cha metali kinachopoza prosesa, atakutengenezea blanketi la kijivu, zito, bila sindano wala uzi. Feni inazunguka na kulia juu, hewa haipiti chini. Prosesa nyingi huvumilia hadi nyuzi 100 hivi za Selsiasi; zikifika hapo hupunguza mwendo zenyewe, na joto likizidi, umeme hukatwa. Mwenye mashine yuko katikati ya barua, kioo kinakuwa cheusi. Anamlaani nani? Vumbi.

Angelishukuru, kama angejua zamani zilikuwaje. Mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware walizing'oa hitisinki kompyuta zikiwa zinafanya kazi. Prosesa ya Pentium 4 ilipunguza mwendo, ikaendelea kuchechemea. Athlon ya AMD ilitoa moshi ikafa palepale. Kuzimika ghafla, basi, ni uhai.

Na hapa ndipo uungwana wa vumbi unapoonekana: hubeba lawama za wengine bila kulalamika. Fundi akifungua kasha mara nyingi hukuta mengine. Hitisinki ina miguu minne ya plastiki, mmoja haukubonyezwa hadi ukalia "ta", kwa hiyo imeinama upande. Au ile karatasi ya nailoni chini yake haikubanduliwa. Au pesti ya kupitisha joto imepakwa kama siagi kwenye mkate, wakati punje moja ya mbaazi ingetosha. Au waya wa feni umechomekwa pengine, feni imesimama kimya tangu siku ya kwanza. "Vumbi tu, mzee," husema kijana aliyeiunga, na vumbi halijibu.

Wenye haraka wanaweza kuona mapezi ya hitisinki ni ujanja wa juzi. Lakini kwenye kilima cha Tendaguru, ndani ya mkoa huohuo wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, akiwemo Kentrosaurus mwenye bamba mgongoni. Kwa ndugu yake Stegosaurus, wapo wataalamu waliodai bamba hizo zilitoa joto mwilini. Ubishi haujaisha, ila hakuna anayesema mnyama yule alihitaji kupulizwa.

Kompyuta inahitaji. Fundi huitoa nje, chini ya mwembe, akiwa amechomoa waya wa umeme kwanza. Huzuia mapanga ya feni kwa kidole, maana yakizungushwa kwa nguvu feni hugeuka jenereta ndogo. Kisha hupuliza. Wingu la kijivu linapanda, linasimama kidogo juu ya ua kama linaaga. Halafu upepo wa baharini unalikamata na kulirudisha taratibu, kupitia dirisha lilelile.