Mbwa Hasomi Mhuri

Vijana wa bodaboda wanajua. Ukiona yule aliyekubeba kutoka stendi ya Muleba kwa mbio na mbwembwe zote anazima pikipiki mdomoni mwa kibanja na kukuambia, "Mheshimiwa, mimi nakusubiri hapa hapa," usimbishie wala usimwite mvivu. Nyumba iko ndani, hatua 80 au 100, imemezwa na migomba na mibuni hata bati halionekani. Yeye amewahi kufika huko. Wewe ndiyo mara yako ya kwanza, na mlinzi wa mji ule ameshakusikia tangu pikipiki ilipokuwa inapanda mlima.

Mwongozo huu nawaandikia mawakili wenzangu, makamishna wa viapo na wathibitishaji wa hati, ambao kazi hututoa ofisini Bukoba mjini na kutupeleka Katoma, Izigo, Kamachumu, Nshamba na Rubya. Wasaidizi wa kisheria, makarani na wapima ardhi nao wasome, maana meno ni yale yale. Mbwa hasomi mhuri. Hajui Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, haoni kitambulisho, na ile suti nyeusi inayotupa heshima mbele ya hakimu, kwake ni nguo ya mtu asiyemjua.

Kwanza tukubaliane kwamba kwenda ni lazima. Ipo njia ya mkato na wote tunaijua: karatasi inapelekwa kijijini na mjukuu, inarudi na alama ya dole gumba, wakili anagonga mhuri akiwa amekaa kwenye kiti chake mjini. Huo ni uongo ulioandikwa vizuri. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Wathibitishaji wa Hati na Makamishna wa Viapo, ndiyo hiyo Sura ya 12, kinataka kiapo kionyeshe mahali na tarehe kilipoapwa, na Mahakama ya Rufani ililikazia jambo hilo mwaka 2002 katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International. Kama bibi aliapa akiwa kitandani Nshamba, kiapo kiseme Nshamba, na wewe uwe ulikuwepo Nshamba kwa miguu yako.

Na Muleba ndiko mahali pa mwisho pa kufanya mzaha na karatasi. Mwaka 1988 mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, hoja yake ikiwa kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba haki ya mwanamke kuuza ni sawa na ya mwanaume. Hukumu hiyo inasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo. Mimi ninapoikumbuka huanzia kwenye ule wosia. Baba aliamua kumpa binti yake, na neno lake likabaki. Kila tunapoingia kwenye kibanja na begi la karatasi, huenda tunakwenda kuandika jambo la uzito huo. Ndiyo maana nataka ufike mlangoni ukiwa mzima.

Sasa mbwa. Usalama wako unaanza kwenye simu, siku moja kabla. Ukishauliza majina kamili na namba ya kitambulisho cha taifa, uliza pia: mji una mbwa wangapi? Yupo aliyezaa karibuni? Wamechanjwa lini? Nani atawafunga kabla sijafika? Wateja wengine watacheka. Waache wacheke, kisha uulize tena. Nimekwisha kuyaandika maswali hayo kwenye fomu yangu ya miadi, chini ya mstari wa mashahidi, na sioni aibu yoyote.

Utakalojibiwa mara nyingi ni hili: "Huyu haumi, Wakili." Tulitazame jibu hilo vizuri, maana limewaponza wengi. Anayekuambia hivyo hasemi uongo. Yeye hajawahi kuumwa. Mbwa huyo anamfahamu kwa harufu, kwa kikohozi, kwa mchakacho wa kandambili zake, na hana sababu ya kumuuma. Wewe hukuwemo katika hesabu hiyo. Unaponuka wino na mafuta ya pikipiki, ukapita njia isiyopitwa na wageni, ukainama kumwamkia mzee kwa mikono miwili, umefanya mambo matatu ambayo mbwa hakuyazoea.

Kuna mji mmoja Kamachumu niliufikia mchana wa mvua. Mzee alikuwa ameketi barazani, akaniita, "Karibu waitu, karibu, huyo hana neno." Mbwa alikuwa wa kahawia, sikio moja limekatika ncha. Hakubweka hata mara moja. Alisimama kati yangu na baraza, mkia umekakamaa, manyoya ya shingoni yamesimama kama majani ya mchaichai. Mbwa anayebweka anakupa taarifa. Huyu alikuwa amenyamaza, na mimi nikasimama pale pale. Mzee akaita mara mbili, mbwa hakugeuka. Mwana wa mzee akapiga makofi, mbwa hakugeuka. Ndipo akatoka jikoni msichana wa miaka kama tisa, bakuli la plastiki mkononi, akasema neno moja la Kihaya kwa sauti ndogo, na mbwa yule akamfuata nyuma ya nyumba kama kondoo.

Tangu siku hiyo nauliza swali la tano kwenye simu: nani humpa mbwa chakula? Mwenye hati ya shamba ni mmoja, mwenye mbwa anaweza kuwa mwingine, na mara nyingi ni mtoto. Huyo ndiye wa kuombwa. Ila awe amemfunga kabla hujaingia, kamba imara, mbali na njia. Mtoto asiachiwe kazi ya kumzuia mbwa wakati mgeni amekwisha kusimama uani. Watoto ni miongoni mwa wanaoumwa zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanaofariki kwa kichaa cha mbwa duniani, wapatao asilimia 40 wako chini ya miaka 15.

Chagua saa. Kaya nyingi za Kagera hufunga mbwa mchana na kumfungua jioni, kwa sababu ya wezi wa ndizi na wa kahawa. Miadi ya saa kumi na moja inayochelewa kwa mvua inageuka kuwa miadi ya saa moja usiku, na saa hiyo mbwa yuko kazini. Mimi napanga saa tatu asubuhi, na nikiona nachelewa napiga simu. Kuanzia Mei, mavuno yanapoanza, ongeza tahadhari. Kahawa imeanikwa uani kwenye majamvi, na mtu mgeni mwenye begi akiikaribia, mbwa ana haki ya kumtilia shaka. Watu nao wanayo. Wanunuzi wa butura, wale wanaonunua kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kumdhulumu mkulima, nao huja na karatasi na kalamu. Ukiitwa kushuhudia mkataba wa namna hiyo, kataa. Usikanyage jamvi, usiruke kahawa, zunguka nje yake hata kama njia ni ya tope.

Ukiingia, piga hodi ukiwa mbali. Bukoba mvua ni nyingi na majani ya migomba yana kelele, hivyo hodi ya upole haifiki. Piga kwa sauti, taja jina lako, subiri mtu aonekane. Mbwa akitokea kabla ya mtu, simama. Usikimbie, kwa maana hakuna wakili anayemshinda mbwa mbio kwenye utelezi wa kibanja. Usimkazie macho, usimgeuzie mgongo, usiokote jiwe ukiwa uani kwa watu. Mikono ishuke, begi likae mbele ya miguu yako. Simama kama mgomba, ukimtazama kwa pembeni, mpaka mwenyeji aje. Mbwa aliyezaa usimkaribie hata akiwa na kamba.

Na kazi isianze mpaka mbwa awe amefungwa mbali na kutulia. Hapa sisemi kwa ajili ya ngozi yako peke yake. Mzee asiyejua kusoma lazima asomewe hati yote, aielewe, aseme mwenyewe kwamba ndiyo kauli yake. Akiwa anasomewa huku mbwa anabweka chini ya dirisha, ataitikia "ndiyo" ili mambo yaishe. Miaka kumi baadaye watoto wake watabishana mahakamani kuhusu hiyo "ndiyo".

Wanyama wengine nitawataja kwa haraka. Ng'ombe wa pembe ndefu aliyefungwa karibu na njia, mpitie mbali na kichwa. Akigeuza shingo kufukuza nzi tu, pembe imekufikia. Bata mzinga dume hufuata visigino. Paka hupenda kulala juu ya karatasi, kwa hiyo funika pedi ya wino kila ukishaitumia.

Kwa mbuzi nitasimama kidogo. Tulikuwa tunaandika wosia wa bibi mmoja asiyejua kusoma. Kwa kanuni za wosia za sheria ya kimila, Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, mtu asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wanne wanaojua kusoma na kuandika, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wote wanne walikuja, wakasaini, tukapumzika kwa kahawa ya kutafuna. Karatasi zilibaki kwenye kigoda, zimewekewa jiwe juu. Mbuzi aliyekata kamba akaja kwa upande wa mlango, akavuta ukurasa wa tatu kwa utulivu, na tulipogeuka ilikuwa imebaki pembe moja yenye nusu ya dole gumba. Shahidi mmoja wa watu baki alikuwa amekwisha kupanda gari kurudi Bukoba. Ndugu mmoja akashauri tuchape ukurasa mpya, tuupachike, yaishe. Hapana. Ukurasa uliopachikwa kwenye saini za zamani ndio mlango ambao ugomvi wa ukoo huingilia. Tulirudia wosia wote wiki iliyofuata, mashahidi wote wanne wakiwepo. Tangu hapo karatasi zangu hukaa kwenye jalada la plastiki lenye zipu, mapajani.

Ukiumwa je? Hapa naomba unisikilize. Acha kazi, hata kama ilibaki saini moja. Omba maji na sabuni, osha kidonda kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usiruhusu mtu apake mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa wala tumbaku. Kisha panda pikipiki uende hospitali siku hiyo hiyo: Ndolage au Rubya ukiwa Muleba, hospitali ya rufaa ya mkoa ukiwa Bukoba. Piga simu kwanza, ujue chanjo ipo wapi. Ukishaanza sindano, fuata tarehe zote ulizopangiwa, hata kama kidonda kimekauka na unajiona mzima. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye neva, wiki kadhaa au miezi, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba ugonjwa huu ungeweza kuua Watanzania wapatao 1,500 kwa mwaka. Karibu wote wangeokolewa na sabuni na chanjo iliyowahi.

Mbwa naye asiuawe papo hapo. Najua hasira ya kijiji, na najua mapanga hutoka haraka. Lakini mbwa aliyefungwa akatazamwa kwa siku 10 anatoa jibu ambalo mbwa aliyezikwa hawezi kutoa: akibaki mzima, hakuwa na kichaa siku alipouma. Afisa mifugo wa kata apewe taarifa. Na wewe usisubiri siku hizo 10 ndipo uende hospitali.

Kwako mama, mzee, uliyemwita wakili nyumbani: mfunge mbwa kabla ya saa ya miadi, na umpeleke kuchanjwa kila mwaka, maana mbwa huyo huyo analala karibu na wajukuu zako. Na kwako wakili mwenzangu, fungua begi lako leo jioni. Humo mna mhuri, pedi, kalamu mbili na Sura ya 12. Tia na kipande cha sabuni.