Namna ya Kufunga Kigunduzi cha Gesi Kisikusumbue

Hongera, bosi wangu. Mkaa umeutupa, na jikoni kwako mgahawani imejipanga mitungi minne ya kilo 38. Sasa wamekwambia ufunge kigunduzi cha gesi. Usihangaike. Sogea nikunong'oneze.

1. Kununua. Dukani wataita kitu hicho "sensa". Usishtuke, hakuna anayekuja kuhesabu watu wa kaya yako. Muuzaji atakuuliza, cha gesi gani? Dharau hiyo. Gesi ni gesi! Akianza kukueleza kwamba ya mtungi ni propani na butani, kwamba ile ya Songo Songo inayopita kwenye bomba ni methani, na kwamba jiko la mkaa hutoa kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, wewe tazama saa. Chagua kinachoendana na vigae vyako. Kikitokea kuwa ni cha kaboni monoksaidi, bahati iliyoje: mtungi ukivuja hakitasema neno, na kelele ndizo ulizokuwa unazikimbia.

2. Mahali. Hapa tulia, ndipo penye utamu. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipai. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji ya kudekia, inapenya uvunguni mwa friji, inatuama kwenye mtaro wa maji machafu na kungoja. Propani ikifika asilimia 2 na ushee tu ya hewa, cheche moja inatosha. Ndiyo maana mafundi wakorofi hutaka kifaa kikae chini, sentimeta 30 hivi kutoka sakafuni, jirani na mitungi.

Sasa huko nani atakiona? Umetoa hela yako kikakae na ndoo na mfagio? Kipandishe juu karibu na dari, pembeni ya leseni ya biashara na picha ya Rais, wateja wakisifie. Gesi mpaka ijae ifike huko, mtu ameshawasha kiberiti zamani.

Na nyinyi wa gesi ya bomba msijione mmeachwa. Methani ni nyepesi, hukimbilia darini. Chenu kifungeni chini, usawa wa tundu la panya.

3. Kelele. Vigunduzi vya bei poa vina kihoro: ukipuliza dawa ya mende, vinalia, mpishi akimwagia mvinyo kwenye kikaango, vinalia. Niliwahi kuingia jiko moja nikakuta kimevalishwa mfuko wa nailoni, ile ile iliyopigwa marufuku mwaka 2019, umekazwa kwa rababendi, na juu yake tone la mafuta ya vitumbua limekauka likawa kama kifungo cha shati. "Kinadeka hicho," mpishi akaniambia. "Ukikivua tu, kinalia." Sikumuuliza kinalilia nini. Wala yeye hakuwahi kujiuliza.

Wewe mstaarabu, nailoni haikufai. Mwite fundi azibe nyufa za ukuta kwa silikoni hapo hapo kilipo. Vile vinavyounguza gesi kidogo kidogo ndani ili kuipima, mvuke wa silikoni huviua kimya kimya. Kinakufa, na taa ya kijani inaendelea kuwaka. Marehemu gani mwingine anapendeza hivyo?

4. Umri. Nyuma kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Hizo ni za maziwa.

5. Umeme. Ukikatika, nacho kipumzike. Ukirudi, soketi yake inafaa sana kuchajia simu.

6. Mkaguzi. Siku akija, usitetemeke. Mpeleke moja kwa moja kwenye kifaa, panda stuli, bonyeza kitufe cha majaribio mbele yake. Kitalia mpaka wateja wageuke! Kitufe hicho hupima king'ora na nyaya, hakipimi kama kifaa bado kinanusa gesi. Kwa hilo ingebidi kupulizia gesi ya majaribio yenyewe, na wewe huna, na yeye pengine ameisahau garini. Kabla hajakumbuka, agiza chai na chapati mbili.

Wengi huishia hapo. Ila ukimwona anakunja suruali magotini anaanza kuinama achungulie uvungu wa meza ya mitungi, mwahi na kiti.