Kamati Haivunjwi Bila Video

Ugomvi ulianza kwa herufi C. Mume wangu, Baba Junior, akitaka kukata klipu kwenye Premiere, programu yake ya kuhariri video, hubonyeza C, mshale ukageuka wembe, akakata, kisha akabonyeza V ili mshale uwe mshale tena. Amefanya hivyo tangu enzi za kukabidhi harusi kwenye DVD, na mkono wake haumuulizi tena ruhusa. Mdogo wangu wa kiume, aliyehamia kwetu Tabata akitokea chuo na laptopu moja na maoni mengi, alisimama nyuma yake usiku mmoja, akatazama, akaguna.

"Shemeji, bado unatumia wembe?"

"Ulitaka nitumie panga?"

Basi somo likaanza bila mwanafunzi kujiandikisha. Ukibonyeza Ctrl na K, klipu inakatika palepale kiliposimama kile kimstari kinachotembea juu ya picha. Ukibonyeza Q, kila kilicho nyuma yake hadi mwanzo wa klipu kinaondoka na pengo linajiziba. W inafanya hivyohivyo kwa kilicho mbele. J inarudisha, K inasimamisha, L inapeleka, na ukiirudia L picha zinakimbia. Mausi, alisema mdogo wangu, ni ya watu wa ofisi za serikali za mitaa.

Baba Junior alimsikiliza hadi mwisho, akabonyeza C, akakata.

Mimi si mhariri wa video. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, na nyumba yangu ina sebule moja, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo studio. Kwa hiyo nimeyasikia yote. Nimesikia kwamba mdogo wangu ni wa DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure linamtosha, na lile la Studio linauzwa dola 295 unalipa mara moja basi. Nimesikia kwamba Adobe walihamisha programu zao kwenda malipo ya kila mwezi mwaka 2013, na tangu hapo matoleo mapya ya Premiere hayanunuliwi, yanakodishwa.

"Shemeji, umepanga programu kama mtu aliyepanga chumba. Siku ukikosa kodi, mlango unafungwa na vyombo vyako vimo ndani."

"Na wewe unayekaa kwangu bure, naona umevizoea vya bure."

Nikasema chakula tayari. Hakikuwa tayari, lakini kuna nyakati mwanamke anapakua ugali mbichi ili udugu usivunjike.

Baba Junior naye alikuwa na hoja zake, tusimwonee. Premiere, alisema, inamwachia faili ya mradi anayoiona kwa macho, anaiweka kwenye folda ya kazi, anainakili kwenye flashi, analala. Resolve inaiweka kazi yako kwenye maktaba yake ya ndani. Ukitaka kuihamisha, lazima uiombe ikutolee. "Kazi ya mtu wa harusi niiweke mahali nisipopaona?" Hilo nililielewa. Hata mimi daftari la maandalio silifungii kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya fremu. Umeme wetu ni wa mawimbi 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100. Jicho halioni, kamera inaona. Ndiyo maana mume wangu hupiga kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, na picha zake hazina mistari inayopanda juu ya maharusi kama ngazi. Mdogo wangu alitaka 30, kwa sababu simu za ndugu zinapiga 30 na siku hizi video zinaangaliwa kwenye simu. Tena simu haikai hata kwenye hiyo 30: inapunguza na kuongeza fremu inavyojisikia, na klipu ikiwa ndefu mdomo wa mchungaji unafika mwisho wa sala kabla ya amina. Kwenye hili nilikuwa upande wa mume wangu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kisha akaingia Walter Murch. Sijawahi kumwona mzee huyo, lakini alikaa nasi sebuleni msimu mzima. Ni Mmarekani aliyehariri *The English Patient* kwa Avid na kupata Oscar, halafu akahariri *Cold Mountain* ya 2003 kwa Final Cut Pro wakati wakubwa wengi wa Hollywood waliiona programu hiyo ni ya watoto wa shule. Kwa mume wangu, huu ulikuwa ushahidi kwamba fundi ni fundi, mpe chombo chochote. Kwa mdogo wangu, huu ulikuwa ushahidi kwamba fundi wa kweli hahofii kuhama. Mtu mmoja, Oscar ileile, na kila mmoja akaondoka nayo upande wake.

Bahati mbaya Murch anajulikana pia kwa kuhariri akiwa amesimama. Nilirudi kutoka shuleni nikakuta meza yangu ya kulia imepandishwa juu ya kreti za soda. Junior, ambaye kidevu chake kilikuwa kinafika usawa wa sahani, sasa alikula akiwa amesimama juu ya stuli. Hili walikubaliana wote wawili.

Hapo ndipo alipokuja mama mkwe kutoka Tanga.

Wifi yangu, kitinda mimba wao, alikuwa amefanyiwa send-off, na Baba Junior ndiye aliyepiga picha, maana ndugu akiwa na kamera kamati haitafuti mwingine. Harusi ikapita. Ikabaki kuvunja kamati, na kamati yoyote yenye akili haivunjwi bila video: watu waliochangia wanataka kujiona. Siku ilikuwa Jumamosi. Mama alifika mapema wiki hiyo na begi, kapu la machungwa, na daftari lake la michango lenye jalada gumu, akataka aonyeshwe kazi ilipofikia.

Walimwonyesha kwa fahari. Safari hii walikuwa wamegawana: mume wangu amekata, mdogo wangu amepitisha rangi na sauti. Video ilikuwa ya dakika arobaini.

"Mwanzo huo?" Mama akauliza ilipoisha.

"Ndiyo video yenyewe, Mama."

"Tulianza saa kumi na mbili jioni tukatoka saa sita usiku. Hizo saa nyingine mmempa nani?"

Mdogo wangu akajaribu kumweleza kuhusu mwendo wa hadithi. Mama akamwacha amalize, akaanza kuhesabu makosa. La kwanza, sauti ya MC ilikuwa inasikika kabla MC mwenyewe hajaonekana, mashine mbovu. Kumbe ndiyo ile kata ya J, fahari ya mdogo wangu, ambayo unaingiza sauti ya tukio lijalo wakati picha ya lililopita ingalipo, mtazamaji avutwe taratibu. Mama hakuvutwa. "Mtu haongei kabla hajafika," alisema.

La pili lilikuwa zito. Sare ya upande wetu ilikuwa bluu ya bahari, na kamati ilibishana juu ya bluu hiyo hadi watu wawili wakasusa vikao. Mdogo wangu aliipitishia picha rangi ya kisinema, ile ya vivuli kugeuka kijani-bluu na ngozi kugeuka chungwa. Wakinamama wote wa upande wa mke wakatoka na vitenge vya rangi ya maji ya bwawa. Upande wa mume, waliovaa zambarau, walitoka wamependeza.

"Watasema tulishona kitambaa cha bei rahisi," alisema Mama, na macho yalianza kumjaa maji. Nilitaka kucheka nikashindwa. Anayedhani rangi kwenye video ni suala la ladha hajawahi kukaa kamati ya sare.

La tatu: zawadi zimekatwa. Shangazi wa Korogwe aliingia akicheza na ndoo sita na wanawake kumi na wawili nyuma yake, na kwenye video aliingia na ndoo mbili tu, muziki ukageuka. Zile nne zilikufa kwa Q.

Ikabidi kurudia. Mume wangu alipanga mambo upya kwa urefu anaoutaka mama yake, zawadi zote, kila ndoo, kila godoro. Laptopu ikaanza kulemewa, picha zikawa zinaruka. Mdogo wangu, kwa nia njema kabisa ya mtu asiyeulizwa, alisubiri watu walale akafanya anachokiita usafi. Alizigeuza klipu zote kuwa muundo wa DNxHR, ambao ni mwepesi kwa kompyuta kuuchezesha lakini faili zake ni nzito kama magunia. Diski ikajaa. Ili ipumue, akafuta zile za awali. Zile mpya akazipa majina kwa utaratibu wake mwenyewe, kwenye folda zilizoanza na 01, 02, 03. Folda ya mume wangu iliyoitwa SENDOFF MPYA YA MWISHO KABISA 2 haikuwepo tena.

Asubuhi Baba Junior alifungua Premiere. Nyekundu. Kila alipobonyeza, skrini nzima nyekundu, na tangazo la kwamba klipu haipo kwa lugha chungu nzima, Kiswahili hakimo. Maana mradi haubebi picha, unabeba kumbukumbu tu ya jina la picha na mahali ilipolala. Ukiihamisha bila kuuambia, utaitafuta palepale ilipokuwa. Kwa kawaida unauonyesha faili moja, nyingine zinajitafuta zenyewe kwa majina. Lakini majina yalikuwa yamebadilishwa, tarehe za faili zote zilikuwa za usiku ule, na kadi za kamera zilishapigiwa kipaimara cha watu wengine.

Sikuwahi kumwona mume wangu akinyamaza namna ile. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya kreti, amekumbatia laptopu yake.

"Shemeji, kule kwetu kwenye Resolve tunge..."

"Ukiimalizia hiyo sentensi, utalala stendi ya Magufuli."

Aliyeokoa jahazi ni Mama, na hakujua kwamba analiokoa. Alitoka chumbani na kanga begani akauliza kuna msiba gani. Alipoelezwa kwamba picha zipo ila hazijulikani ipi ni ipi, alirudi ndani akaleta daftari. Kwa mwandiko wake wa kulala, mstari kwa mstari, mlikuwa na kila kundi lililopanda jukwaani, kwa mpangilio lilivyopanda, limeleta nini, na wangapi walicheza. Aliyaandika usiku uleule wa send-off ukumbini, kwa sababu zawadi ni deni, na siku ya mtoto wa shangazi lazima ujue unarudisha ndoo ngapi.

Taimlaini ya mume wangu, ule mstari anaopangia klipu, nayo ilifuata mpangilio wa ukumbini. Kwa hiyo kipande chekundu cha tisa ni kundi la tisa kwenye daftari. Mama akakaa kwenye stuli ya Junior akisoma: "Wafanyakazi wenzake, friji ndogo. Jumuiya, masufuria, wamecheza vibaya. Shangazi wa Korogwe, ndoo sita." Mdogo wangu akatafuta sura kwenye folda zake, Baba Junior akaunganisha. Wahariri wakubwa huajiri msaidizi wa kuandika kila klipu ina nini kabla ya mtu kugusa wembe. Hao wawili walikuwa wamebishana mwaka mzima kuhusu funguo za kibodi na hakuna hata mmoja aliyekuwa na orodha.

Katika kuhangaika huko ikagundulika kwamba Resolve ina mpangilio wa kibodi unaofanana na wa Premiere. Unauchagua tu kwenye orodha. Yaani muda wote ule mdogo wangu angeweza kumkaribisha shemeji yake kwa C na V alizozizoea. Baba Junior alimtazama kwa muda mrefu. Mama akasema, "Kundi la kumi na nne."

Rangi ilirudishwa bluu ya bahari. MC akaongea baada ya kufika. Ijumaa usiku, video ikiwa inatoka na imefika asilimia themanini na kitu, uniti za umeme za Luku zikaisha. Laptopu ya mume wangu ina betri ya maonyesho tu, ikazima, na faili iliyokatika njiani haiendelezwi, inaanzwa upya. Sitaandika yaliyosemwa.

Jumamosi ukumbini, runinga ikakataa. Flashi ilikuwa ya mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4, wakaibadilisha mfumo, na huo mpya runinga haikuusoma. Hapo ndipo niliposhuhudia maajabu: wote wawili walisema kwa pamoja, "Tuigawe." Wakaigawa vipande vitatu mezani kwa mweka hazina, kati ya pilau na soda, wakairudisha flashi kwenye mfumo wake wa zamani. Kipande cha tatu kikaangukia kuwa zawadi peke yake.

Kamati ilikiomba kipande cha tatu mara mbili. Mama alikuwa amesimama kando ya runinga na daftari, anataja idadi watu wanapopita, na upande wa zambarau ukaanza kudai na zao zitajwe. Mwenyekiti akauliza kwa nini hayo hayakuandikwa kwenye picha yenyewe.

Sasa yanaandikwa. Kamati nyingine ya hapa Tabata imeshalipa nyongeza ili kila kundi litokee na maandishi chini: jina, zawadi, idadi. Baba Junior anataka maandishi hayo yawe ya njano yenye kivuli. Mdogo wangu anasema nyeupe, nyembamba, bila kivuli, na anataka asilimia arobaini ya hiyo nyongeza. Mama amepiga simu kutoka Tanga kuuliza yeye anapata ngapi.