Jinsi ya Kununua Lenzi Pamoja na Mshindani Wako

Ndugu mwenye duka la miwani Kidahwe, Kigoma, kabla ya fomu, kabla ya kiingilio cha kikundi cha kununua lenzi pamoja, msamehe mwenzako wa Ujiji. Alikuchukulia mteja, nawe ukamchukulia fundi. Sasa mnasalimiana kwa kupiga honi. Msamehe kwa sababu kila mmoja akiagiza lenzi kivyake, anayenufaika ni muuzaji wa jumla wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayewauzia nyote wawili kwa bei ya rejareja huku akiwaita "bosi".

Baada ya hapo fungua droo zako uhesabu. Usitegemee kichwa, maana kumbukumbu ya mwenye duka hukumbuka fremu zilizouzika tu. Andika jozi ngapi za lenzi za kila namba zimetoka kwa miezi sita, zipi zimebaki, na zipi ulimwagizia mtu mmoja ambaye hakurudi tena. Zile fremu za waridi zenye vito, ulizonunua kwa kushawishiwa, nazo ziandike. Kikundi kisichojua mahitaji ya wanachama wake kitanunua takataka nyingi kwa bei nzuri.

Ukimaliza, linganisha daftari lako na la huyo wa Ujiji. Sitashangaa mkikuta yanafanana, kwa kuwa macho hayajui mipaka ya kata. Fundi cherehani wa Mwanga, mvuvi anayeshona wavu Kibirizi, mama anayechambua dagaa Katonga, mwalimu anayesahihisha madaftari hapo Kidahwe: wakivuka miaka 40, wote wanaanza kusukuma maandishi mbali na uso, na wote wanatafuta namba kati ya +1.00 na +3.00. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 826 duniani wanaishi na tatizo hilo la kuona karibu bila kupata suluhisho. Hasara yake inapimika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachumaji chai wa Assam, India, waliopewa miwani ya karibu waliongeza uchumaji wao kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Kwa hiyo bei ya lenzi ni suala la kipato cha watu wa mwambao huu wa Kigoma, si la faida yako pekee.

Na bei hiyo inabeba safari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini mzigo wa kutoka Dar es Salaam bado unavuka zaidi ya kilomita 1,200. Boksi dogo la mtu mmoja hulipa ufungaji wake, usafiri wake na hatari yake ya kuvunjika. Maduka manane yakikusanya oda siku moja kila mwezi, mzigo ni mmoja na gharama zinagawanywa. Muuzaji naye anakuwa na sababu ya kushusha bei, kwa vile ana uhakika wa mauzo.

Mtu akikuambia wazo hili ni la Wazungu, mkumbushe chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933 ili wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wauze kwa sauti moja. Mtajie pia mfumo wa mshitiri, Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014: kituo cha afya cha umma kikikosa dawa Bohari ya Dawa, hununua kwa muuzaji mmoja aliyepatikana kwa zabuni ya mkoa. Zahanati za serikali zinanunua pamoja. Maduka binafsi ya miwani yanashindwa nini?

Sasa swali la kuuliza kabla ya kutia saini, nawe liulize kwa sauti: kikundi hiki ni cha nani? Marekani kuna Vision Source, mtandao wa wataalamu wa macho wanaojitegemea, ulioanza mwaka 1991. Mwaka 2015 ulinunuliwa na Essilor, kampuni inayotengeneza lenzi. Tangu hapo, mtandao uliokusanya wanunuzi ukawa mali ya muuzaji. Kwa sababu hiyo napendelea chama cha ushirika kilichoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2013, kila mwanachama akiwa na kura moja na vitabu vikikaguliwa. Mweka hazina asiwe shemeji wa msambazaji, hata kama ni mpole na anaimba kwaya.

Lipa oda yako kwa wakati. Anayechelewesha malipo huwaharibia wote jina, na jina ndilo linaloleta punguzo. Usikubali kulazimishwa kununua kila kitu kupitia kikundi. Bakiza nafasi ya lenzi za mgonjwa mwenye namba ngumu. Na mkikutana, msijadili bei ya kumwuzia mteja: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei. Nunueni pamoja, uzeni kila mtu kwake.

Punguzo la kwanza likiingia, usikimbilie kununua kioo kipya cha ukutani. Shusha bei ya miwani ya karibu, uibandike mlangoni kwa maandishi makubwa, makubwa kabisa, ili wasioona karibu nao waisome. Kikundi ambacho punguzo lake haliwafikii hao hakistahili kiingilio chako.