Ombi la Kulifuta Somo la Stoo

Kwa Wakuu wa Vyuo vya Uhandisi Tanzania

Waheshimiwa,

YAH: KUFUTWA KWA SOMO LA USIMAMIZI WA VIFAA NA STOO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Magomeni Mikumi. Sina shahada, ila macho ninayo, nayo yameona kuwa somo hili linahatarisha mila zetu za ujenzi. Naomba liondolewe kabla wanafunzi hawajalielewa.

Kwanza, kuna kanuni ya Mmarekani Ford Harris ya mwaka 1913. Chukua mahitaji ya mwaka, zidisha kwa gharama ya oda moja, zidisha kwa mbili, gawanya kwa gharama ya kutunza kifaa kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuseme mradi unataka mifuko 3,600 ya saruji, oda moja inagharimu shilingi 50,000 na kutunza mfuko mmoja shilingi 1,000. Jibu ni mifuko 600 kwa kila oda, yaani kununua mara sita kwa mwaka! Nani ana muda wa kusaini mara sita? Sisi tumezoea kununua yote Juni, kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30. Ikiganda kwa unyevu wa pwani, walinzi watapata pa kukalia.

Pili, mnawafundisha kugawa vifaa katika madaraja A, B na C, ili vile vichache vyenye thamani kubwa vilindwe zaidi. Huo ni uchochezi. Kwenye saiti zetu misumari ndiyo iliyo chini ya kufuli mbili, na anayetaka robo kilo husaini karatasi tatu. Nondo zimelala nje kando ya uzio, zinapunga upepo. Mwanafunzi akiuliza sababu, tumjibu nini?

Tatu, leja. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimetaja mara nyingi vifaa vilivyonunuliwa bila kuingizwa vitabuni. Wahitimu wenu wakianza kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, Mkaguzi atakosa la kusema. Tusimharibie kazi.

Zaidi ya yote, msiwalete wanafunzi wenu Magomeni Mapipa. Pale yupo mwenye duka la vifaa vya ujenzi asiyemjua Harris. Koki zikikaribia kwisha, anavuka bonde la Jangwani kwenda Kariakoo. Mawingu ya masika yakitanda, anawahi na kuongeza mzigo, maana anajua Jangwani ikijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa. Ndiyo ile akiba ya tahadhari mnayoikokotoa kwa herufi za Kigiriki. Mzigo wa zamani anaupanga mbele uuzwe kwanza. Na hana siri yoyote: hela ni yake. Mali ya umma haina wa kuilalia macho, na kanuni peke yake haijawahi kulinda stoo.

Mkilikataa ombi langu, basi lifundisheni kweli. Kila mwanafunzi akabidhiwe ufunguo wa stoo na leja kwa muhula mzima, na kila kitakachopotea kikatwe kwenye alama zake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Magomeni Mikumi

Nakala: Watunza stoo wote, popote ufunguo ulipo.