Kila Saa Mbili

Kuna kuota jua, na kuna kujianika. Kuota jua ni kwa wazee, wagonjwa na kuku: unatoka asubuhi, unakaa barazani, mifupa inapata joto, unarudi ndani chai haijapoa. Kuanika ni habari nyingine. Vinavyoanikwa ni dagaa, mbata, makopa na sare za shule. Ndiyo maana kule Tanga, tulipowaona Wazungu wamelala chali Raskazone saa saba mchana, bibi yangu alisema tu, "Wamejianika." Akatikisa kichwa. "Na hakuna hata wa kuwageuza."

Sisi wasichana tulifukuzwa juani kama mbuzi kwenye mahindi. "Tokeni huko, mtakuwa kama kitako cha sufuria!" Jioni tukapakwa liwa, tunukie na tung'ae. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba ile haikuwa huruma kwa ngozi zetu. Ulikuwa weusi wetu unasemwa. Na bibi mwenyewe alikuwa mweusi tii, mzuri kutushinda sote.

Nikaja Birmingham na mafunzo yangu. Zaidi ya miaka ishirini nimetembea Sparkhill upande wa kivuli, hata Februari, mwezi ambao hapa jua na kivuli ni ndugu wa tumbo moja. Nilipofika miaka 55 magoti yakaanza kusema. Daktari akapima damu, akanitazama kama mtu aliyetolewa mgodini. Vitamini D hamna. Akanieleza kwamba huku, kati ya Oktoba na Machi, jua halina nguvu ya kuitengeneza mwilini, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Serikali yenyewe inawashauri watu weusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Akaniandikia vidonge, na kiangazi kikifika, nikae nje kidogo. Mtoto wa Tanga anaandikiwa jua na Mwingereza! Bibi angekuwa hai, hili ningemficha.

Kumbe nyumbani kuna daktari wa pili. Binti yangu aliposikia neno jua, alikwenda Stratford Road akarudi na krimu ya SPF 50. "Mama, weusi unakinga lakini hautoshi. Bob Marley alikufa kwa kansa ya ngozi." Kweli, 1981, akiwa na miaka 36. Ila ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, nikamwuliza kama jua lilipitia ndani ya kiatu. Akakiri kwamba aina ile haihusishwi na jua. Hakukata tamaa. Akaminya krimu mistari miwili, urefu wa vidole viwili, ya uso na shingo. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Birmingham: "Upake kila saa mbili, usisahau."

Sikusahau. Saa mbili asubuhi nikapaka, na saa mbili usiku nikapaka. Ilikuwa ile krimu yenye zinki, ambayo kwa ngozi ya Mzungu hupotea na kwa yangu hukaa kama chokaa ya msikiti. Usiku wa kwanza baba watoto alirudi kazini, akawasha taa ya chumbani, akaanza Ayatul Kursi. Aliifikisha nusu ndipo alipoitambua khanga.

Juni tukaalikwa arusi. Nilijipaka nikapendeza, au hivyo nilidhani. Ukumbini shoga mmoja akanipokea kwa jicho la pembeni: "Mwenzetu, liwa siku hizi unapaka mchana?" Aliyekaa nyuma yake hakuuliza. Alimnong'oneza jirani yake, nikalipata neno moja tu: mkorogo. Yaani mimi, na umri huu, nimeanza zebaki na haidrokwinoni, vitu ambavyo hata Tanzania vimepigwa marufuku kwenye vipodozi! Nikajifuta kwa kitambaa cha meza. Kikabaki na uso wangu mzima, pua na mdomo, kando ya sahani ya pilau.

Siku niliyochagua kuitii dawa ya daktari ilikuwa tarehe 19 Julai 2022. Hapo kosa ni langu. Televisheni ilikuwa imetangaza tahadhari nyekundu ya joto, ya kwanza katika historia ya nchi hii, na siku hiyo kule Coningsby kipimajoto kilipanda hadi nyuzi 40.3. Nikacheka. Joto mnanitishia mimi? Saa saba nikatoa kiti uani, nikavaa miwani mieusi, nikalala kwa kunoga. Nilipoamka pua ilikuwa inawaka, na kesho yake ikababuka. Uso ulikuwa umekolea wote, isipokuwa mahali pa miwani: macho ya komba.

"Mama! Ulipaka lini?"

"Saa mbili, kama ulivyoniagiza."

Ilichukua dakika nzima, kisha akakaa chini sakafuni, anacheka analia. Alikuwa na maana kila *baada ya* saa mbili.

Jirani yetu wa upande wa kushoto, tunamwita Mama Paka, yeye alipita njia yangu ya kutoka kivulini kwenda juani kinyumenyume. Zamani za mamake bibi yake, ananiambia, mwanamke wa Kiingereza mwenye heshima alibeba mwavuli, maana ngozi iliyoungua ilikuwa ya kibarua wa shamba. Vibarua walipoingia viwandani wakapauka, na Birmingham ina viwanda, weupe ukakosa bei. Kufika miaka ya 1920 Coco Chanel na matajiri wenzake wanarudi kutoka pwani ya Ufaransa na rangi ya biskuti. Mama Paka alikwenda Benidorm na umri wa miaka 18, akajipaka mafuta ya watoto, akajikaanga. Alirudia kila mwaka. Mchumia juani hulia kivulini: sasa ana mabaka mikononi na kovu puani, palipokatwa kansa ndogo. Anatoka na kofia pana kama ungo, na mikono mirefu hadi vidoleni.

Jumapili tunakaa uani, ua mfupi wa mbao katikati yetu. Yeye anatafuta kivuli, mimi natafuta jua. Krimu ni ile ile moja, inavuka ua inarudi. Shida ni kwamba kivuli cha nyumba hakitulii. Kikimwacha, anasogeza kiti. Kikinifikia, nasogeza changu. Tunapishana hivyo mpaka alasiri. Wiki iliyopita baba watoto alichungulia dirishani, akatutazama kwa muda, akauliza nani anaongoza kwa kete.