Gitaa Kavu la Bei ya Kati: Mwongozo wa Kumtoa Jasho Muuzaji

Mtu atakayeuziwa gitaa bovu anajulikana tangu mlangoni. Macho yanapanda ukutani, yanatua kwenye lile jekundu linalong'aa kuliko gari la bwana harusi, na kabla hajaligusa ameshauliza bei. Muuzaji anamwita "bosi", analipangusa vumbi, anamwongezea na mfuko wa bure. Biashara imekwisha, na hakuna uzi hata mmoja uliopigwa.

Mwongozo huu ni wa kumnyima muuzaji huyo mteremko. Unamhusu mwenye dola 200 hadi 500 za Marekani, kwa shilingi au faranga za kwao. Chini ya hapo mara nyingi unapata boksi lenye nyuzi. Juu ya hapo unaanza kulipia mbao adimu na jina kubwa. Hapa katikati ndipo pesa ya mtu wa kawaida inaponunua sauti, na ndipo anapopigwa changa la macho kila siku. Msimamo wangu ni mmoja: lipia ubao wa mbele na shingo iliyonyooka. Mengine ni mapambo, na mapambo hayapigi nyimbo.

Hatua ya kwanza: chagua nyuzi kabla ya gitaa

Kuna gitaa la nyuzi za chuma na gitaa la nyuzi za nailoni. La chuma lina sauti kali inayobeba kwaya na sherehe. La nailoni lina sauti ya mviringo, na shingo yake ni pana: kwenye kichwa hufika milimita 52 hivi, wakati la chuma huwa na kama 43. Mwenye vidole vifupi ashike yote mawili kwanza ndipo aamue.

Kisha kuna wale mabingwa wanaonunua la nailoni kwa sababu ni rahisi, wakalifunga nyuzi za chuma ili "lilie". Litalia kweli. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Za nailoni huvuta kama 40. Gitaa lililojengwa kwa 40 likibebeshwa 70, daraja linaloshika nyuzi linang'oka au ubao unavimba, na hakuna gundi ya dukani itakayokurudishia pesa yako.

Hatua ya pili: chungulia tunduni

Sauti ya gitaa kavu hutoka zaidi kwenye ubao wa mbele, ule wenye tundu. Ubao huo ukiwa wa mti halisi usio na tabaka, mara nyingi sprusi au mierezi, hutikisika kwa wepesi na sauti hukomaa kadiri miaka ya kupigwa inavyopita. Ukiwa plaiwudi, yaani tabaka nyembamba zilizogundishwa kwa kupishana, unakuwa mgumu, na sauti inabaki ilivyokuwa siku ya kwanza.

Rangi haitakuambia lolote, kwa kuwa plaiwudi nayo hufunikwa kwa ngozi nzuri ya sprusi. Inama utazame ukingo wa tundu. Mistari ya mti ikishuka kutoka juu, ikapita kwenye ukingo na kuendelea hadi upande wa ndani, huo ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za mkate wa chapati, hiyo ni plaiwudi, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta neno "solid" kabla ya jina la mti. Pakiandikwa "spruce" peke yake, uliza mara mbili.

Usidai gitaa zima liwe hivyo kwa bei hii. Yamaha walianza mfululizo wao wa magitaa ya FG mwaka 1966, na toleo la FG800 lina ubao wa mbele wa sprusi mzima, huku mgongo na mbavu zikiwa za tabaka. Huo ni mgawanyo wa akili: pesa imewekwa panapotoka sauti. Ukikuta gitaa lisilo na jina kubwa lililojengwa kwa utaratibu uleule, lipe nafasi sawa.

Hatua ya tatu: lenga shingo

Inua gitaa, weka jicho kwenye kichwa, utazame kuelekea daraja, kama fundi seremala anavyokagua mbao. Shingo iwe imenyooka, au iwe na mbonyeo mdogo sana katikati. Ikiwa imejipinda kama mkunjo wa parafujo, rudisha ukutani bila maelezo. Mbonyeo wa kawaida hurekebishwa kwa chuma kilichomo ndani ya shingo. Mpindo wa parafujo ni maradhi ya kudumu.

Sasa pima nyuzi ziko juu kiasi gani kutoka kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Kwa gitaa la chuma, uzi mnene ukiwa juu kwa milimita 2.5 na mwembamba kwa 2, umepata. Zikifika 4, utajifunza kuvumilia maumivu badala ya kujifunza muziki. Wengi walioacha gitaa wakidhani hawana kipaji walishindwa na milimita mbili hizo, na jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Hatua ya nne: piga kila freti

Ndiyo, zote, uzi kwa uzi. Muuzaji atakohoa. Mwache akohoe. Unasikiliza mkwaruzo wa uzi unaogonga freti ya mbele yake, na sauti inayokufa ghafla. Halafu fungua programu ya kutuni kwenye simu. Piga uzi wazi, kisha bonyeza freti ya 12 upige tena: inapaswa kuwa noti ileile, oktavu moja juu. Ikipanda au kushuka waziwazi, kodi utakazopiga karibu na kichwa zitatoka sawa, na za kuelekea tundu zitakutia aibu mbele ya watu.

Hatua ya tano: piga taratibu

Hapa ndipo rafiki yako mpiga solo anapoharibu. Anakamata gitaa, anamwaga noti mia, duka zima linageuka, na hakuna aliyesikia gitaa, wamemsikia yeye. Mpe kazi nyingine: apige kodi moja polepole, wewe ukae mbele yake hatua tatu, usikilize.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi leo. Wimbo wake "Masanga" ni gitaa moja kavu, gumba na kidole cha shahada, bila spika, na humo besi na sauti za juu zinatembea pamoja bila kukanyagana. Hicho ndicho kipimo. Piga besi kwa gumba na nyuzi nyembamba kwa shahada. Kila uzi ukisikika peke yake hata ukipiga kwa upole, gitaa hilo lina maisha.

Hatua ya sita: mbakishie fundi

Usimalize pesa yote dukani. Tenga sehemu ya kumi kwa fundi na nyuzi mpya, kabla ya kufikiria mkanda wenye nakshi. Mtazame fundi mzuri akifanya kazi: analegeza nyuzi, anachomoa kile kijipande cheupe kilichokaa kwenye daraja, anakisugua chini yake juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, anapima, anarudisha, anapima tena. Ni nusu milimita tu aliyoiondoa, lakini vidole vyako vitaijua.

Kisha litunze. Watengenezaji wengi hushauri unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Tanga, Mombasa na Unguja huvuka hapo mara kwa mara: ubao unavimba, nyuzi zinapanda na kushika kutu. Futa nyuzi kila ukimaliza kupiga, na lihifadhi ndani ya mfuko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Dodoma wakati wa kiangazi tatizo ni kinyume. Ubao hukauka, ncha za freti zikachomoza na kukata vidole. Huko usilitundike kwenye ukuta unaopigwa jua.

Gitaa la dola 300 lililopita mikononi mwa fundi linapigika vizuri kuliko la 500 lililotolewa boksini na kufikishwa jukwaani siku hiyohiyo. Anayebisha alete yote mawili, tutuni, tupige, tusikilize.